Nani atapika nikiondoka? Tambi za sufuria moja zilivyoamua safari yangu ya Tunduru

Wakuu, nawasalimu huko mliko. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Naleta jambo la nyumbani kwetu Songea, na nitalieleza kama lilivyotokea. Sina cha kumdanganya mtu hapa, maana lenyewe ni la chakula tu.

Novemba iliyopita nilikaa siku nane bila kulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nikiondoka, nani atapika chakula cha jioni?

Najua kuna watakaocheka. Kijana wa miaka ishirini na sita, ana shahada ya ugavi, kakaa mtaani miaka miwili bila kazi, leo kapata kazi halafu anawaza sufuria. Chekeni tu. Hata dada yangu alicheka.

Ila mimi ndivyo nilivyo. Nikimtumia mtu mesenji ya salamu, ikipita nusu saa hajajibu, naanza kujiuliza nimemkosea nini. Nikipanga foleni, nawaza labda foleni yenyewe siyo. Sasa mtu wa namna hiyo mpe jambo linalohusu familia yake, uone.

Nyumbani kwetu Msamala tulikuwa tunaishi wanne.

Baba ni fundi cherehani, anashona barazani kwa mwenye duka mmoja karibu na nyumbani. Dada Rehema amenizidi miaka minane, anauza kwenye duka la pembejeo mjini. Binti yake Nasra alikuwa darasa la pili. Na mimi, msomi wa nyumba.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni.

Wanaoijua Ruvuma wanajua duka la pembejeo linavyokuwa mvua zikianza. Wakulima wanatoka Namtumbo na vijijini kote, kila mtu anataka mbolea na mbegu leo hii. Dada alikuwa anafika nyumbani saa mbili usiku, sauti imekauka, viatu vina tope.

Na kwetu chakula cha jioni, ambacho mpishi wake nilikuwa mimi, ni ugali. Ugali lazima uwe wa moto, kwa hiyo unasongwa mwishoni, wote wakiwepo. Ndiyo desturi tuliyokulia. Maharage nayo yanataka muda wake kwenye mkaa.

Matokeo yake Nasra alikuwa analala kwenye mkeka na sare za shule. Tunamwamsha, anakula tonge tatu amefumba macho, anarudi usingizini. Baba alikuwa anakunywa chai na mkate saa kumi na mbili, ukija ugali anasema ameshiba. Dada anakula peke yake akiwa ameegemea ukuta. Mimi nakula jikoni, nimesimama, sijui hata kwa nini nilikuwa nasimama.

Hatukugombana. Hakuna aliyemnunia mwenzake. Tuliacha tu kula pamoja, tukawa tunapishana kama wapangaji.

Msichana wa kazi? Dada hakutaka kusikia. Alisema hawezi kumtoa mtoto wa mwenzake shule aje kumpikia mtoto wake.

Hapo ndipo nilipoanza kumkumbuka Mama kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka hata kwenye msiba wake.

Maana na yeye alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa anauza vitenge sokoni, anarudi saa kumi na mbili na mzigo kichwani. Lakini saa moja na nusu sisi wote tulikuwa chini, tumezunguka sinia. Kila siku. Sijui alikuwa anafanyaje.

Na alikuwa haiti mtu. Alikuwa anaukung'uta mkeka na kuutandika kwa kishindo, pwaa, na sisi tukisikia hiyo pwaa tunatoka vyumbani. Baba alikuwa anaacha hata sindano katikati ya kitambaa.

Kuna vitu mtu unakuja kuvielewa ukishachelewa. Ile pwaa ilikuwa inatushika sote wanne, na sisi tulidhani ni mkeka tu.

Basi. Siku moja natafuta mahindi kwenye kabati la jikoni nikakuta pakiti mbili za tambi, zile ndefu za spageti, zimesahaulika tangu Ramadhani.

Nikakumbuka geto letu chuoni. Tulikuwa wanne, jiko moja la gesi dogo, sufuria moja. Tulikuwa tunapika kila kitu humo kwa mkupuo, mchuzi na tambi pamoja, dakika ishirini tumemaliza. Tulikuwa tunakula humo humo kwenye sufuria kwa sababu sahani zilikuwa chafu.

Nikasema, kwani hapa inashindikana nini?

Siku ya kwanza niliharibu. Nilimimina maji mengi kwa woga kwamba hayatatosha, halafu nikachukua mwiko wa ugali nikawa nazigeuza kwa nguvu, nabonyeza, nageuza, kama nasonga. Mkono ndio uliozoea hivyo. Zikakatika zote, zikawa uji mwekundu.

Dada alifunua sufuria, akaniuliza, "Mdogo wangu, hiki tunakula au tunabandika matangazo?"

Nasra alicheka mpaka akaamka kabisa. Kwa hiyo siku hiyo angalau mtoto alikula akiwa macho.

Siku ya pili nilitulia. Nitaandika nilivyofanya kwa ajili ya wale wenye kazi nyingi, maana najua mtaniuliza.

Weka mafuta kidogo, kaanga kitunguu na karoti, tia nyanya mpaka zilainike. Mimi naweka na dagaa wa Nyasa ambao nimewakaanga pembeni mchana, wakiwa wakavu. Vunja tambi katikati, zilaze juu ya mchuzi, tia chumvi, mwagia maji ya moto. Maji yazipite tambi kwa pingili moja ya kidole, yasizidi. Funika. Kila baada ya muda mfupi zichambue kwa uma zisishikane. Usisonge! Narudia, usisonge.

Maji yakikaribia kukauka, mimina tui la korosho.

Hili la korosho ni la Mama. Yeye alikuwa mtu wa Tunduru, na kwao korosho ndiyo nazi yao. Alikuwa anapenda zile zilizovunjika, hazina bei, anazitwanga kwenye kinu kidogo, analoweka kwenye maji ya uvuguvugu, anakamua. Mboga yoyote ikikaa vibaya, anaitia tui la korosho, inanyooka. Nilipokuwa natwanga siku ile, Baba alitoka chumbani akasimama mlangoni. Akaangalia kinu, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Nadhani alisikia mlio.

Siku hiyo Dada alifika saa mbili kasoro robo. Nikafunika sufuria, mvuke ukamalizia kazi. Nikaliweka sufuria lenyewe katikati ya mkeka, uma nne. Nasra alikuwa macho kwa sababu nilimpa kazi ya kuvunja tambi na alitaka kuona kazi yake inavyoliwa.

Tukakaa wanne.

Baba alijaribu kukataa. "Mimi tambi nazijua za futari. Hiki siyo chakula cha jioni."

Dada akamwambia, "Baba, kaa hivyo hivyo utazame. Ukisikia njaa utatuambia."

Alitazama kama dakika moja.

Wiki mbili tukala hivyo. Siyo kila siku, mara tatu, nne kwa wiki, zile siku ambazo Dada anachelewa sana. Siku nyingine ugali kama kawaida. Lakini tulirudi chini. Nasra alianza kutuhadithia mambo ya shule, nani kapigana na nani, mwalimu gani kavaa viatu vipya. Nilikuwa sijui kama mtoto yule ana maneno mengi kiasi kile.

Halafu simu ikalia.

Msimamizi wa ghala moja la korosho Tunduru. Niliomba kazi pale miezi kadhaa nyuma nikakata tamaa. Akasema nafasi ya kutunza stoo ipo, msimu umeanza, wanataka mtu aanze Jumatatu baada ya wiki ijayo. "Nipe jibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kijana. Wapo wengi wanaitaka."

Miaka miwili nasubiri simu hiyo. Nilivyokata, sikuruka. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaanza kuhesabu.

Nikiondoka, Dada atarudi saa mbili aanze kuwasha mkaa. Nasra atalala na sare. Baba atarudi kwenye chai na mkate. Miezi sita ya mkataba. Na mimi nitakuwa Tunduru nakula vizuri.

Kisha nikawaza upande wa pili. Nisipokwenda, nitakuwa yule kaka aliyekataa kazi kwa ajili ya tambi. Nikifika miaka arobaini nitamlaumu Nasra, mtoto asiyejua lolote.

Nilimweleza Dada siku hiyo hiyo. Akacheka, akasema, "Kwa hiyo wewe kabla hujarudi kutoka chuo sisi tulikuwa tunakula mchanga?" Lakini alipomaliza kucheka hakusema nani atapika. Mimi niliona kwamba hakusema.

Siku ya nne nikamwambia Baba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikayasahau yote, nikasema tu, "Baba, nimepata kazi Tunduru, ila naogopa chakula cha jioni."

Aliendelea kukunja suruali ya mteja. Akasema, "Mimi kupika siwezi. Miaka yangu yote sijawahi kusonga ugali, na sitaanza leo watu wapite dirishani waone."

Nikasema sawa, Baba.

Akapima pindo kwa futi yake ya kitambaa, akatia alama ya chaki. Kisha akasema, "Lakini hizo tambi, hiyo siyo kupika. Hiyo ni kuchemsha. Kuchemsha hata chai nachemsha."

Wakuu, sikubisha. Mzee akijitafutia mlango wa kupita, wewe usimwonyeshe kwamba umeuona. Nikasema, "Kabisa Baba, ni kuchemsha tu."

Tukaanza jioni ile ile. Alikuwa mwanafunzi msumbufu. Nikimwambia maji pingili moja, anauliza pingili ya kidole gani, changu au chako. Akaweka kidole chake, akarudia kupima mara mbili kama anapima kiuno cha mteja. Karoti alizikata zikawa za urefu mmoja, huwezi kuzitofautisha. Kitunguu kilipoanza kumliza akasema moshi wa mkaa umezidi.

Siku ya pili ya mafunzo mvua ilinyesha kubwa. Dada akapiga simu kwamba amekwama barabarani hana mwavuli. Tambi zilikuwa ndiyo kwanza zimewekewa maji. Nikamwambia Baba, chambua kwa uma, maji yakikauka tia tui, mimi namfuata Dada.

"Nenda, nenda," akasema. "Kwani nitaiba?"

Tuliporudi, tumelowa, sufuria lilikuwa tayari kwenye mkeka na Nasra kashika uma. Harufu ilinifikia mlangoni. Ilikuwa ya iliki.

Nikajua.

Tulikaa. Dada akatia uma, akaweka mdomoni, akaacha kutafuna. Mimi nikaonja. Vitunguu, nyanya, dagaa wa Nyasa, tui la korosho, na sukari. Siyo kidogo. Na iliki ya kutosha pilau la harusi.

Nilimwangalia Dada, Dada akaniangalia. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kumvunja moyo. Nimeshawaambia mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa naona kabisa: nikisema vibaya, hatashika tena sufuria, sitakwenda Tunduru, basi.

Baba akaona tunaangaliana. Akasema, "Nini? Kwani mama yenu alikuwa haweki sukari?"

Dada akashusha uma.

Maana alikuwa anaweka. Tambi za Mama za Ramadhani zilikuwa na sukari, iliki na tui la korosho, na kule chini zinashika ukoko wa kahawia ambao mimi na Dada tulikuwa tunagombania mpaka tunapigwa wote wawili. Kabla ya mafunzo yale Baba hakuwahi kupika tambi maishani mwake. Alichokijua kuhusu tambi ni kile alichokila kwa mkono wa Mama miaka yote ile. Nilipomwacha peke yake na sufuria, alipika alichokikumbuka.

Dada aliinamisha kichwa, akala. Hakula kwa heshima, alikula kweli. Nikaona machozi yake, na yeye hakuyafuta, aliendelea kula. Nikachota tena. Na mseme mtakavyo, dagaa ukiwavumilia, ladha ile ilikuwepo. Ilikuwa kule nyuma ya nyanya, ya Mama yenyewe. Nilikuwa sijaionja miaka mitatu.

Nasra tu, ambaye alikuwa mdogo sana kumkumbuka bibi yake, ndiye aliyekuwa na furaha isiyo na mambo mengi. "Babu, kesho weka tena sukari!"

Dada akakuna chini ya sufuria, akapata kipande cha ukoko, akakigawa nusu akanipa. Hatukuwahi kugawana hivyo utotoni.

Baada ya hapo Baba alielewa mwenyewe kwamba dagaa na sukari haviendi pamoja. Dada alimwambia taratibu wakiwa wawili. Wakakubaliana kuwa za katikati ya wiki ziwe za chumvi, na Ijumaa ziwe "za Mama," bila dagaa.

Mngedhani nimetulia. Wapi.

Nikaanza kuwaza kwamba anaweza kupika kwa sababu mimi nipo. Kwamba ninapokaa pale mlangoni ndipo anapopata ujasiri. Nikiwa mbali, siku ya kwanza atasema amechoka, ya pili mgongo, ya tatu chai na mkate. Na mimi nitasikia nikiwa Tunduru, siwezi kufanya lolote.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku mbili za kutoa jibu, nikaamua kutorudi nyumbani jioni.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda kwa rafiki yangu mwenye saluni ya kunyoa, nikakaa kwenye benchi. Saa kumi na mbili na nusu nikawaza, sasa anawasha mkaa. Au hajawasha. Saa moja nikawaza, kasahau kukaanga dagaa. Saa moja na nusu nikawaza kaunguza, kaona aibu, kaficha sufuria. Rafiki yangu akaniuliza kama nina homa. Simu nilikuwa nimeizima makusudi, nikaiwasha, hakuna aliyenitafuta. Hilo nalo nikaliwaza.

Saa mbili na robo nilishindwa, nikarudi karibu kwa kukimbia.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Dada alikuwa anamsuka Nasra. Baba alikuwa na redio yake. Mkeka ulishakunjwa. Nikapita moja kwa moja jikoni, nikafunua kila kitu. Sufuria lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa juu chini, linachuruzika maji.

Hawakuniachia hata kijiko.

Nikarudi sebuleni nimesimama. "Mmekula?"

"Tumekula," Baba akasema. "Tulidhani umekula huko huko."

"Zilikuwa nzuri," Dada akaongeza, bila kuinua macho kwenye nywele za mtoto. "Amepunguza maji, hazishikani. Zako huwa zinashikana."

Nasra akasema, "Mjomba, Babu ametandika mkeka, pwaa!"

Baba akaongeza sauti ya redio.

Wakuu, nitasema ukweli niliowaahidi. Kwanza niliumia. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya jikoni na njaa yangu, kama mtoto aliyeachwa. Siku nane nimebeba nyumba nzima kichwani, kumbe nyumba imeshuka yenyewe inatembea.

Ilichukua muda kidogo kuona kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakiomba.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Sisi watu wa kuwaza sana huwa tunaita woga wetu majukumu. Nilisema naogopa wao watalala njaa. Nilichokuwa naogopa ni kukuta nimeondoka na wao wamekula.

Kwa hiyo nawauliza mliotoka nyumbani kwenda kutafuta maisha: mlijuaje kwamba mnaweza kuondoka? Nani alishika mwiko baada yenu? Na wale wa Tunduru, Lindi na Mtwara, niambieni kama mama zenu nao walitia tui la korosho kwenye tambi, au ni Mama peke yake. Wa dagaa na sukari pia mnakaribishwa, sitawacheka.

Jioni ile sikusubiri Ijumaa. Pale pale kwenye ngazi nilimpigia msimamizi, nikamwomba radhi kwa kumsumbua saa hizo, nikamwambia nakuja. Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ninao, na nikakata kabla sijapata muda wa kuwaza.

Kisha nikaingia ndani, nikachemsha chai, nikala na mkate, nikaanza kupanga nguo. Jumapili asubuhi nikaondoka.